Picha ya kilima chetu inakaa wapi?

Droni zimekuwa mingi ku vilima vyetu. Mupango wa maji unaleta yake, mupango wa barabara unaleta yake, mununuzi wa kahawa naye anatuma piloti wake. Droni inapaa nusu saa, watoto wanakimbia chini yake, kisha gari inaondoka na picha zinaondoka nayo. Miaka miwili inapita, mupango mwingine unakuja na kulipa feza tena kwa kupiga picha kilima kile kile, juu hakuna mutu anayejua za kwanza ziliwekwa wapi.

Wakati tunatembelea koperative, memba wengi wanatuuliza jambo hilo: zile picha zilienda wapi, na sisi tunaweza kuzipata namna gani? Ni swali la lazima. Linagusa soko ya kahawa na kakao, linagusa mipaka ya mashamba, linagusa ata usalama wa kijiji. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza namna katalogi ya wazi ya picha za angani inavyofanya kazi, ile inayoitwa OpenAerialMap, na mambo ambayo komite ya koperative inapaswa kukata mbele droni haijapaa.

Kwa nini picha ya zamani iko na bei

Wengi mumekwisha kusikia sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya mazao na pori, iliyopitishwa mwaka 2023. Tarehe ya kuanza kuifuata imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, na watu wengine wanafikiri imekufa. Haijakufa. Inahusu kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mupira, soya, mbao na ngombe. Inasema hivi: zao lisitoke ku shamba ambalo lilikuwa pori na likakatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Mwenye kuingiza kahawa Ulaya anapaswa kuonyesha kila shamba liko wapi. Kama shamba linapita hektari 4, mupaka wake wote unachorwa. Kama ni dogo, nukta moja ya GPS inatosha.

Mashamba ya memba wetu ni madogo, kwa hiyo nukta si kazi ngumu. Ugumu ni ule mwaka. Utaonyesha namna gani kwamba mwisho wa 2020 shamba la mama fulani lilikuwa tayari kahawa, si pori? Kwa neno la mudomo, mununuzi hawezi kuridhika. Anatafuta picha yenye tarehe.

Na hapa kuko mutego ambao unaumiza hasa wakulima wazuri. Kahawa ya milima yetu inakaa chini ya kivuli cha migomba, ya grevilea, ya miti ya matunda. Ukiiangalia kutoka juu kabisa, kwa jicho la mutambo usiojua kilimo chetu, inafanana na pori. Ile sheria yenyewe inajua tofauti: ardhi inayotumika zaidi kwa kilimo haihesabiwi kuwa pori, ata kama miti ni mirefu. Lakini ramani zinazochorwa na ordinatere zinaweza kuchanganya. Mukulima anapunguza kivuli mwaka 2022 ili kahawa ipumue, na ramani inasema: hapa pori limekatwa. Wa kumutetea ni picha yenye kuonyesha wazi majani ya mugomba na mistari ya kahawa. Kama mupango fulani ulipiga kilima kile mwaka 2018, ile picha ingekuwa ushahidi mukubwa. Kama inalala ndani ya ordinatere ya mutu aliyekwisha kuhama, ni kama haikupigwa.

Setilaiti na droni, kila moja na kazi yake

Kuko picha za bure ambazo ziko tayari juu ya kilima cha kila mutu anayesoma gazeti hili. Picha za Landsat za Marekani zilifunguliwa kwa wote mwaka 2008. Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya ilianza mwaka 2015, na tangu setilaiti yake ya pili ilipopaa mwaka 2017 zinapita juu yetu karibu kila siku tano. Basi mwisho wa 2020 umo ndani ya hazina yao. (Tunapenda kuwakumbusha wanunuzi jambo hilo: Ulaya inayotuomba ushahidi inao ushahidi nusu mukononi mwake.)

Lakini zina mipaka mbili. Ya kwanza ni mawingu. Desemba ku Kivu ni musimu wa mvua, setilaiti inapita na kuona pamba nyeupe tu. Mara mingi inafaa kutafuta picha ya kiangazi, Juni mupaka Agosti. Ya pili ni ukubwa wa nukta. Picha ya kompyuta imeundwa na nukta, ndizo zinaitwa pikseli, na nukta moja ya Sentinel-2 ni meta 10 kwa 10. Hektari nzima ni nukta 100 tu. Ya Landsat ni meta 30 kwa 30, yaani hektari moja haifikishi ata nukta 12. Shamba la nusu hektari lenye kuchanganya kahawa, migomba na maharagi linakuwa doa la kijani.

Droni inapiga kutoka chini sana. Nukta yake inaweza kuwa sentimita 5. Sasa piga hesabu: ku hektari moja, nukta 2,000 kwa 2,000, yaani milioni 4. Unahesabu mugomba mumoja mumoja. Unaona mutaro wa kuzuia mumomonyoko na mahali ulipobomoka. Unaona njia ya kubebea serizi za kahawa mupaka ku stasyo ya kuoshea. Ila uzito nao unapanda. Bila kukazwa, hektari moja inakamata karibu mega 12. Kilima cha hektari 300 kinapita giga 3 na nusu. Mutu mwenye kununua mega za simu kwa siku anaelewa haraka kama faili ya namna ile haitembei ku WhatsApp. Njo maana picha nzuri zinakufa ndani ya disiki: hakuna aliyezificha kwa ubaya, ni nzito tu, na hakuna aliyepangiwa kazi ya kuzitunza.

Jambo hili si la leo. Wakati wa Wabeleji, ndege zilipiga picha sehemu kubwa ya inchi yetu, na mingi ya picha zile, hasa za miaka ya 1950, ziko leo ku makumbusho ya Tervuren karibu na Bruxelles. Watafiti wamezitumia kujua pori la Kivu lilikuwa mupaka wapi na milima iliporomoka wapi. Ni kazi nzuri. Lakini mwenye shamba chini ya mulima ule unaoporomoka, yeye hajaona picha ile ata siku moja.

Katalogi si gala

Wazo la kuweka picha za angani mahali pamoja, wazi kwa wote, lilijaribiwa mwaka 2007, na Christopher Schmidt ndiye aliyelianzisha chini ya jina OpenAerialMap. Mupango wa wakati ule ulikuwa kushona picha zote kuwa kitambaa kimoja cha dunia. Haukudumu. Kitambaa kimoja kinataka mutu mumoja wa kukibeba, na feza za kulipia mashine kila mwezi. Tena kinaficha tarehe, juu picha mpya inafunika ya zamani.

Kisha likaja tetemeko la Haiti, tarehe 12 Januari 2010. Muji mukuu Port-au-Prince ulivunjika na ramani yake ya mabarabara ilikuwa haba. Wenye picha za setilaiti na za ndege walizifungua kwa watu, na wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mutu anaweza kuichora na kuitumia bure, walichora barabara, nyumba na kambi kwa muda wa siku chache. Kutoka kazi ile kulizaliwa shirika Humanitarian OpenStreetMap Team. Hapa kwetu watu wa namna ile ile walichora vijiji vya Nord-Kivu na Ituri wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020, ili timu za afya zijue nyumba ziko wapi.

Shirika lile njo lililoanzisha upya OpenAerialMap, na toleo la kujaribu likafunguliwa mwaka 2015. Safari hii walifikiri kwa njia ingine. Waliachanisha katalogi na gala. Picha zinaweza kukaa mahali mbalimbali, kila mwenye picha na mahali pake pa kutunzia, mradi zifikike ku intaneti na ziwe wazi. Katalogi yenyewe inaandika tu: kuko picha ya mahali hapa, ya tarehe hii, ilipigwa na huyu, na inapatikana hapa. Ni sawa vile sekretere wa koperative anavyofanya na daftari lake. Magunia hayamo ndani ya daftari, lakini bila daftari hakuna anayejua gunia la nani liko gala gani.

Faida ingine ni kwamba picha haifuti picha. Kilima kimoja kinaweza kuwa na ya 2018, ya 2021 na ya mwaka huu, zote tatu ku katalogi. Kwa mutu anayetafuta ushahidi wa mwaka, hiyo njo maana yote.

Mufano mukubwa ambao uko karibu na sisi kwa luga na kwa hali ni Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya kule pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa musaada wa Benki ya Dunia, walipiga Unguja na Pemba kwa droni, zaidi ya kilometa mraba 2,000. Wanafunzi wa palepale walifundishwa kurusha. Picha ziliwekwa OpenAerialMap, na mutu mwenye simu anaweza kufungua na kuona minazi ya shangazi yake. Sisi tunaona funzo kubwa si ndege zenyewe. Ni kwamba serikali ya mahali pale iliamua, mapema, kama picha zitakuwa za wazi.

Karatasi ya kuzaliwa ya picha

Picha mia tano zilizo ku kadi ya droni si ramani bado. Programu inazishona, inaondoa mupindo wa mulima, inazipa mahali pake ku dunia, na matokeo ni faili moja ambayo watu wa kazi wanaita GeoTIFF. Ile njo inayoingia ku katalogi. Kuko programu ya bure, OpenDroneMap, inayofanya kushona huko. Inataka ordinatere yenye nguvu na usiku mumoja ao mbili za umeme, kwa hiyo mara mingi ni piloti ndiye anafanya.

Pamoja na faili kunaenda maelezo yake. Tunayaita karatasi ya kuzaliwa, juu yanajibu maswali yale yale: umezaliwa wapi, lini, na nani. Mahali, yaani pembe nne za picha. Tarehe ya kupiga. Mutambo: droni, ndege, setilaiti, ao ata kishada cha watoto chenye kamera, katalogi haichagui. Ukubwa wa nukta. Jina la mwenye kutoa, na ruhusa ya kutumia.

Katika yote hayo, tarehe njo roho. Tunaambia komite kila mara: muangalie tarehe ya kupiga, si tarehe ya kushona wala ya kutuma. Piloti anaweza kupiga Novemba 2023, kushona Februari 2024, na kutuma Juni. Akiandika Juni, ushahidi umeharibika, na siku mununuzi ataona mahindi ya Novemba ku picha ya Juni, ataanza kuwa na mashaka ku picha zenu zote.

Jina la mwenye kutoa nalo si jambo la kupita haraka. Kama kontra haikusema kitu, piloti ataandika jina la kampuni yake ao la mufadhili. Hakuna ubaya kuyaandika. Lakini jina la koperative liwe pale pia, juu kesho ndilo mutakalotafutia.

Namna inavyofika ku simu yenye rezo dogo

Watu wanashangaa: kama faili ni giga 3, nitaifungua namna gani ku simu yangu ya kilimani? Angalia mama muuza unga ku soko. Gunia ni la kilo 50, lakini hakulazimishi kulibeba. Anakupimia kopo moja. Huduma ya katalogi inakata picha vipande vidogo, kila kimoja pikseli 256 kwa 256. Ukiangalia kilima chote, inakutumia vipande vichache vilivyopunguzwa. Ukisogeza karibu, kila kipande kinagawanyika kuwa vine, na simu inaomba tu vile vinavyoonekana ku kioo chako. Giga 3 zinabaki kule ziko. Kwako kunakuja kidogo.

Vipande vile vina anwani. Ukiikopi anwani ile ndani ya programu ya ramani, kama QGIS ya bure ku ordinatere ya biro, picha ya droni inatokea chini ya nukta zenu za mashamba. Agronomu anaweza kuchora njia, mitaro, stasyo ya kuoshea. Mutu wa OpenStreetMap kule Kinshasa ao Lubumbashi anaweza kuchora pamoja naye siku ile ile. Na mahali rezo haifiki kabisa, munapakua vipande mara moja ku muji, munaviweka ku simu, na munapanda navyo mulimani.

Kutafuta ni bure na hakuombi konti. Unafungua ramani ya OpenAerialMap, unasogeza mupaka kwenu, na viboksi vinakuonyesha wapi kuko picha. Mujaribu mbele ya kulipia droni yoyote. Kutuma picha ndiko kunaomba konti, na rezo ya muji.

Neno wazi liko na meno

Picha zinazoingia ku katalogi hii zinatolewa kwa lisensi ya wazi, mara mingi ile inayoitwa CC BY 4.0. Maana yake: kila mutu anaweza kuitumia, kuikopi, kuibadilisha, ata kuiuza ndani ya kazi yake, mradi ataje aliyeitoa. Mukulima, mwalimu, mwanafunzi, wizara, mununuzi. Na pia mutu mwenye kutafuta ardhi ya kunyanganya.

Tena lisensi ile hairudishwi. Ukiisha kutoa, aliyechukua amechukua. Kufuta ku katalogi hakufuti kopi yake. Kwa hiyo uamuzi wa kufungua si wa piloti, si wa mufadhili, wala si wetu sisi wa shirika. Ni wa watu wanaoonekana ku picha.

Tuko watu wa mashariki ya Congo, hatuhitaji kuelezwa picha ya juu inaweza kufanya nini. Ku nukta ya sentimita 5 unahesabu mahema ya deplase, unaona njia ya muguu inayopita nyuma ya kijiji usiku wa kukimbia, unaona karyere ya madini, unaona nani amepata manjanja mapya. Katika mahali pa vita, picha ya namna ile isiwekwe wazi, na sisi hatutasaidia kuiweka. Hakuna kahawa inayolipa jambo hilo.

Mahali pa utulivu pia kuko njia za katikati ambazo watu wanasahau. Munaweza kukata picha ili ionyeshe mashamba, na sehemu ya makao ibaki kwenu. Munaweza kutoa picha iliyopunguzwa, nukta ya sentimita 30 ao 50: migomba bado inaonekana, mutu uwanjani haonekani tena. Munaweza kungoja miezi sita mbele ya kuitoa. Kwa ushahidi wa mwaka, kungoja hakuharibu kitu.

Na jambo moja tunalikazia zaidi kuliko yote: picha na liste ya memba ni vitu viwili. Picha inaweza kuwa wazi. Liste yenye majina, simu na nukta za GPS za kila shamba isiingie ku katalogi yoyote ya wazi. Mununuzi anapewa anachohitaji kwa barua, kwa kontra, na anaandika kama hataigawa. Tukichanganya hivi viwili, tunampa kila mutu wa dunia ramani ya ardhi yetu pamoja na majina ya wenyewe.

Picha haikati maneno ya mupaka

Watu wengine wanafurahia droni wakifikiri itamaliza ugomvi na jirani. Itawaangusha. Kwanza, droni ya kawaida bila alama zilizopimwa chini inaweza kukosea mahali kwa meta kadhaa, na ku kilima chetu meta kadhaa ni mistari miwili mizima ya kahawa. (Dawa yake iko: kuweka mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, kupima kila jiwe kwa GPS nzuri, kisha kurusha.) Pili, picha inaonyesha ua wa miti; haionyeshi nani aliupanda wala mwami alimupa nani. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na kwamba haki za ardhi za jadi zitapangwa kwa amri ya Presidenti. Amri ile tunaingoja tangu wakati ule. Katikati ya shimo hilo njo tunaishi, na picha peke yake hailizibi.

Lakini inasaidia kumbukumbu, hasa siku ya hatari. Mwanzo wa Mei 2023, ku Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu mamia walikufa. Waliobaki walikuta mahali pa shamba na pa nyumba kumekuwa mawe matupu, bila ua, bila muti wa mupaka. Kwa watu walio katika hali ya namna hiyo, picha ya mwaka uliopita iko na kazi ambayo hakuna karatasi ingine inaweza kuifanya: inaonyesha wote pamoja, mbele ya wazee, mupangilio ulivyokuwa.

Mbele droni haijapaa

Basi mutu akija na droni, komite imuulize mambo haya kwa upole, na majibu yaingie ku kontra, si ku mudomo. Ruhusa iko wapi? Kurusha droni inchini mwetu kunaomba ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ku vilima vyetu mutu hapaishi kitu bila wakubwa wa mahali, wa usalama na wa jadi, kujua. Atakayeumia kama hawajui si piloti, ni nyinyi munaobaki. Picha zinamilikiwa na nani, na koperative inapata kopi gani? Muombe faili nzima ya GeoTIFF, si picha ya kupendeza ya kutundika ukutani. Itawekwa wazi ao hapana, kwa lisensi gani, na nani atatuma?

Swali la mwisho lile mulipeleke ku mukutano wa memba wote, na mama wawepo, juu mara mingi wao ndio wanaolima shamba ambalo jina la ku liste ni la bwana. Munaonyesha mufano wa picha ku simu, ya Zanzibar ao ya mahali pengine, munaisogeza karibu mupaka watu waone paa la nyumba. Kisha munauliza. Ukiwaonyesha hivyo, mazungumuzo yanakuwa ya kweli. Ukisema maneno tu, wote wanakubali na hakuna aliyeelewa.

Kama mukutano umekubali, andika kwa piloti siku kumi na ine za kutuma, na muangalie wenyewe ku katalogi kama picha imetokea na tarehe yake ni sawa. Kama mukutano umekataa, hakuna shida: faili inabaki ya koperative, na bado iko na faida zote za ku shamba. Kwa namna zote mbili mutunze kopi mbili, moja ku disiki ya biro na moja kwa mutu mwingine, ku nyumba ingine, ndani ya mufuko usiopenya maji. Juu ya kila disiki mubandike karatasi yenye jina la kilima na tarehe ya kupiga.

Koperative ambazo zilipigwa picha miaka iliyopita, mututumie jina la kijiji, mwaka, na jina la mupango uliokuja, kwa njia ya agronomu wenu. Tutaandikia waliopiga na kuwaomba faili. Mbele ya yote, za mwaka 2020 na za mbele yake.